Kuunda Chombo, Kuunda Neno: Msamiati wa Jahazi katika Pwani ya Dar es Salaam

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha pwani kila kazi ya mikono ina kitenzi chake. Nyumba hujengwa, chungu hufinyangwa, mkeka husukwa, nguo hufumwa. Chombo cha baharini, hata hivyo, huundwa. Kamusi za zamani, ikiwemo ile ya Frederick Johnson iliyotolewa mwaka 1939, zinakihusisha kitenzi -unda na kazi ya kuunganisha mbao, na hasa ile ya kutengeneza vyombo vya kusafiria majini.

Kutokana na kitenzi hicho yamepatikana maneno ambayo hakuna mwanafunzi wa isimu wala wa fasihi awezaye kuyakwepa: muundo wa sentensi, uundaji wa maneno, uundaji wa istilahi, sarufi miundo, kiunzi cha nadharia. Kanuni ya kifonolojia inayozaa kiunzi kutokana na -unda ni ileile inayozaa mlinzi kutokana na -linda na mapenzi kutokana na -penda. Hata wataalamu wa kompyuta walipohitaji neno la kutaja sehemu za mashine zinazoshikika kwa mkono, walilipata humohumo: maunzi. Kwa hiyo mtaalamu wa lugha anapoizungumzia kazi yake, hutumia msamiati wa fundi wa vyombo, aghalabu pasipo kulijua hilo.

Mhadhara huu unaueleza msamiati huo kwa kuangalia mambo matatu: viungo vya jahazi na zana zake za tanga, asili ya majina yake, na hali yake leo katika ukanda wa pwani wa Dar es Salaam. Ukanda huo unaanzia Mbweni, Ununio, Kunduchi na Msasani katika Wilaya ya Kinondoni na kuishia Kigamboni na Mjimwema, sehemu zilizokuwa za Wilaya ya Temeke kabla Kigamboni haijawa wilaya inayojitegemea katika miaka ya 2010. Hoja kuu ni kwamba maneno ya chombo hayapotei kwa pamoja wala kwa bahati nasibu. Yako yaliyopanda nchi kavu yakapata kazi mpya, na yako yanayotoweka pamoja na kamba au mti yanaoutaja. Mwanaleksikografia anayetaka kuyahifadhi hapana budi aujue utaratibu huo.

2.0 Chombo na viungo vyake

Vyombo vya pwani havikutengenezwa vyote kwa njia moja, na lugha imeitunza tofauti hiyo katika vitenzi vyake. Mtumbwi huchongwa kutokana na gogo moja, mara nyingi la mwembe. Ngalawa nayo huchongwa, kisha hutiwa mirengu pande mbili ili isipinduke. Mtepe ulishonwa: mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Habari za vyombo vya kushonwa katika pwani hii ni za kale mno, kwani maandishi ya Kiyunani ya karne ya 1 yajulikanayo kama Periplus yanaeleza kuwa mji wa Rhapta ulipata jina lake kutokana na vyombo vya namna hiyo. Mashua na jahazi, ambavyo mbao zake hupigiliwa misumari juu ya kiunzi, ndivyo viundwavyo. Vitenzi vitatu, -chonga, -shona na -unda, vinatosha kumwonyesha msomaji aina tatu za ufundi.

Kuunda huanza na mkuku, mti mrefu ulionyooka unaolala chini na kubeba uzito wa chombo chote. Mbele ya mkuku husimamishwa mti wa kukatia maji, uitwao hanamu, ambao huinama kuelekea mbele. Nyuma husimamishwa fashini, mti unaobeba usukani. Sehemu ya mbele kabisa, ambayo katika vyombo vingi ilipambwa kwa nakshi au rangi, ni gubeti.

Baada ya hapo huja mbao za ubavu na mataruma. Taruma ni ubavu wa ndani wa chombo, yaani mti uliopinda unaozishika mbao zisiachane. Katika utaratibu wa kale wa Bahari ya Hindi, mbao hupangwa kwanza kutoka mkukuni kwenda juu, na mataruma hutiwa baadaye. Viwanda vya meli za mbao vya Ulaya katika karne za karibuni vilifuata utaratibu wa kinyume: mbavu zilisimamishwa kwanza, kisha mbao zikapigiliwa juu yake. Wako mafundi wa leo wanaochanganya njia hizi mbili, wakasimamisha mataruma machache ya kuongozea umbo kabla ya kuendelea na mbao. Taruma zuri halipindwi kwa nguvu. Fundi hulitafuta katika tawi au shina lililopinda lenyewe, kwa sababu nyuzi za mti ulioota hivyo hufuata mpindo na hazipasuki upesi. Mbao ndefu za ubavu hutakiwa kutoka kwenye miti migumu inayostahimili maji, kama mvule na msaji.

Zana za kazi hii ni tezo, msumeno, patasi, randa na keekee ya kutobolea mbao. Mianya iliyobaki baina ya mbao huzibwa kwa pamba iliyotiwa mafuta, na kazi hiyo huitwa kalafati. Sehemu ya chini inayokaa majini hupakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta, na mbao hupakwa sifa, yaani mafuta ya samaki, hususan papa.

Chombo kikikamilika huwa na pande zenye majina yake. Mbele ni omo, nyuma ni tezi, juu ni sitaha, na chini kabisa, mahali pakusanyikapo maji yanayovuja, ni ngama. Methali isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani inajulikana shuleni kote Afrika Mashariki, na wanafunzi hufundishwa kuwa maana yake ni kwamba mtu hatimaye hurudi kwao. Maana hiyo ni sahihi, lakini mwanafunzi asiyejua ngama ni nini huikariri kama fumbo. Anayejua huona ndani yake baharia aliyezunguka chombo kizima na kulazimika kuteremka tena chini kuyatoa maji, maana kazi hiyo haina mwisho.

3.0 Mlingoti, tanga na kamba

Mti unaosimama katikati ya jahazi ni mlingoti. Chombo kikubwa huweza kuwa na mlingoti mdogo wa nyuma, uitwao mlingoti wa kalmi, na mti unaochomoza mbele juu ya maji, uitwao mlingoti wa maji. Tanga halifungwi kwenye mlingoti wenyewe. Hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia kwa mshazari, ncha yake ya mbele ikiwa chini na ya nyuma ikiwa juu.

Foromali pamoja na tanga lake ni mzigo mzito, na namna unavyopandishwa ndiyo inayoeleza majina ya kamba. Kamba nene inayoshika foromali na kupita juu ya kichwa cha mlingoti ni henza. Mwisho wa henza hufungwa kapi liitwalo gofia. Ndani ya gofia hupita kamba nyingine nyembamba zaidi, jarari, ambayo hupita pia katika kapi la pili liitwalo abedari. Mabaharia huivuta jarari, si henza. Kwa kuwa jarari huzunguka baina ya makapi mawili, uzito hugawanyika, na watu wachache huweza kutweka tanga ambalo wasingeweza kuliinua kwa mikono mitupu.

Tanga likishapanda huongozwa na kamba za pembe zake za chini. Ya upande unaotoka upepo ni joshi, ambayo wengine huitamka goshi. Ya upande unaokwenda upepo ni demani. Kutokana na kamba hizo pande za chombo nazo huitwa joshini na demanini, na jina demani hutumiwa pia kwa majira ambayo nguvu ya kusi imepungua na bahari imetulia. Joshi na demani si sawa na kulia na kushoto. Chombo kikipinduliwa ili upepo uingie kwa upande mwingine, foromali na tanga huzungushwa mbele ya mlingoti, na upande uliokuwa wa joshi huwa wa demani. Haya ni maneno ya uhusiano baina ya chombo na upepo, na asiyejua upepo unatoka wapi hawezi kuyatumia.

4.0 Asili ya maneno

Orodha hii ya viungo inaonyesha historia ya mawasiliano ya Bahari ya Hindi. Nanga inatokana na neno la Kiajemi langar, na nahodha na bandari nayo yana asili ya Kiajemi, yakiwa yameenea pia katika Kiarabu na lugha za Bara Hindi. Usukani unatokana na sukkān ya Kiarabu. Roda, jina jingine la kapi, pamoja na parafujo, yalitoka kwa Wareno. Kwa upande mwingine, kafi, kasia fupi la kupigia maji, lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, hata zile zilizo mbali na bahari.

Kwa mtaalamu wa lugha, jambo muhimu zaidi ni namna maneno haya yalivyopokewa. Sukkān ilipata irabu ya mwisho, ikapoteza mkazo wa konsonanti yake, ikapewa kiambishi cha ngeli: usukani, na kwa wengine msukani. Langar ilipoteza konsonanti ya mwisho ili silabi ibaki wazi. Mlingoti hupata wingi wake, milingoti. Taruma hupata mataruma, na mataruma yakioza, kitenzi na kivumishi hukubaliana nayo kama yanavyokubaliana na majani au mawe. Wageni waliokuja na majina ya kamba na miti hawakuja na sarufi ya kuyaunganisha. Kitenzi kilichobeba kazi nzima, -unda, ni kitenzi chenye mwenendo wa Kibantu, kinachopokea viambishi vya kutendwa, kutendea na kutendesha pasipo tatizo. Dai la zamani kwamba wingi wa maneno ya mkopo hukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mchanganyiko hukanushwa na msamiati huuhuu uliojaa mikopo kuliko mingi.

5.0 Maneno yaliyopanda nchi kavu

Abiria anayepanda daladala Mbagala kuelekea mjini anatumia Kiswahili cha baharini bila ya kuliona tanga. Yeye ni abiria, kwa sababu kuabiri ni kusafiri kwa chombo. Hulipa nauli, neno ambalo katika Kiarabu lilitaja malipo ya kusafirisha kwa meli. Dereva hushika usukani, na gari lenyewe kisheria ni chombo cha moto. Lori linalopita kando yake limebeba shehena. Timu ya mpira ina nahodha, ndege ina rubani. Kikundi kikiongozwa vibaya huenda mrama, neno lililotaja kuyumba kwa chombo katika mawimbi. Serikali iliipa mipango yake ya muda mrefu jina la Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, ikafuatiwa na Dira ya 2050 iliyozinduliwa mwaka 2025, na dira ni chombo cha baharia cha kuonyesha pande za dunia. Kundi la taarabu lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2006 lilijiita Jahazi.

Kwa upande mwingine, henza, jarari, gofia, abedari, fashini na joshi hayasikiki ndani ya daladala wala katika hotuba. Sababu ni kwamba maneno yaliyopanda nchi kavu yalitaja majukumu na mahusiano: mwenye kuongoza, mwenye kusafirishwa, malipo ya safari, mzigo, mwelekeo. Majukumu hayo yapo katika gari na ndege pia. Henza hutaja kamba moja mahali pamoja katika chombo cha aina moja. Gari halina henza, kwa hiyo neno halina pa kwenda.

Yako majina machache ya viungo yaliyoepuka hatima hiyo. Hanamu hutumiwa na maseremala kwa maana ya mshazari, kwa kuwa fundi wa ubao naye huhitaji neno la mkato ulioinama. Roda iliingia katika vitabu vya sayansi vya shule za msingi kwa sababu somo la mashine rahisi lilihitaji jina la gurudumu la kamba. Maneno haya mawili yanathibitisha kanuni iliyotajwa: jina la kiungo huishi pale kazi nyingine inapolihitaji.

Katika fukwe za Kunduchi, Msasani na Kigamboni kupotea huku kuna mpangilio wake. Matanga bado yapo, hasa kwenye ngalawa na mashua ndogo, lakini injini imeingia katika vyombo vingi. Injini inapofungwa, foromali, henza, jarari, joshi na demani huondoka kwa mara moja, na nafasi yao huchukuliwa na injini yenyewe, propela na plagi. Mkuku, taruma na kalafati hubaki, maana boti la mbao lenye injini bado linavihitaji. Boti la faiba linapochukua nafasi ya boti la mbao, hata maneno hayo hukosa kazi, kwa sababu faiba hutolewa katika kalibu na haina mianya ya kukalafati. Uhaba na bei ya mbao ngumu huisukuma hali hiyo mbele. Kwa hiyo msamiati wa tanga hutangulia kupotea, na wa mbao hufuata. Mtafiti anayeanza kazi leo hana budi kuanza na kamba.

6.0 Kamusi na kazi iliyobaki

Maneno haya hayakukosa kuandikwa. Edward Steere aliyaorodhesha mengi katika kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja cha mwaka 1870. Kamusi ya Ludwig Krapf ilitolewa mwaka 1882. Charles Sacleux, mmisionari aliyekaa Bagamoyo na Unguja, aliyaingiza kwa wingi katika kamusi yake iliyoanza kutolewa mwaka 1939. Mwaka 1970, Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili cha Dar es Salaam kilichapisha kamusi ya ubaharia ya A.H.J. Prins, mtafiti aliyekuwa ameandika kitabu juu ya ubaharia wa Lamu mwaka 1965.

Kazi hizo ni hazina, ila zote zinaeleza maneno ya Kiswahili kwa Kiingereza au Kifaransa. Kijana wa Mjimwema anayetaka kujua babu yake aliita nini kamba fulani hulazimika kupitia lugha ya kigeni. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981 na kurekebishwa katika matoleo ya 2004 na 2013, ilifungua njia ya fasili za Kiswahili kwa Kiswahili. Hata hivyo, kamusi yoyote ya alfabeti hulivunja jahazi. Abedari hukaa mwanzoni mwa kitabu, henza na jarari katikati, tanga karibu na mwisho. Jarari ikifasiliwa kuwa ni kamba ya chombo, fasili hiyo si ya uongo, lakini haimwezeshi msomaji kuitofautisha na henza. Maana ya jarari haikamiliki pasipo gofia, na ya gofia haikamiliki pasipo henza. Haya ni maneno yanayofasiliana.

Kutokana na hali hiyo, aina nyingine ya kazi inahitajika: msamiati uliopangwa kwa utaratibu wa kuunda na kusafiri, wenye michoro, na wenye maelezo ya Kiswahili. Data yake hukusanywa vizuri zaidi wakati wa kazi kuliko katika mahojiano ya kukaa. Fundi akiulizwa orodha ya majina hutaja machache. Akiwa na tezo mkononi hutaja mengi, pamoja na vitenzi vinavyoandamana nayo, ambavyo orodha za zamani ziliviacha mara nyingi. Mtafiti anayemwamkia mzee kwa shikamoo na kukaa kama mwanagenzi hupata zaidi ya yule ajaye na dodoso. Tofauti za matamshi, kama joshi na goshi, kalmi na galmi, mlingoti na mlingote, ziandikwe zote, kwa kuwa huonyesha neno limepita wapi. Waundaji wa istilahi nao wangefaidika, maana roda na maunzi yanathibitisha kuwa neno lililokwisha kufanya kazi baharini hupokewa kwa urahisi darasani.

Habari ya mtepe inaonyesha gharama ya kuchelewa. Chombo hicho kiliacha kuundwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 kiliundwa upya kimoja Unguja na kuwekwa katika Jumba la Maajabu, Beit al Ajaib, jengo ambalo sehemu yake ilibomoka Desemba 2020. Umbo la mtepe liliweza kurudishwa kwa kutumia mifano midogo na maandishi. Mazungumzo ya mabaharia wake wakati wa kuushona na kuupeleka baharini hayakuhifadhiwa namna hiyo, na hayawezi kurudishwa kwa ubao wala kamba.

7.0 Hitimisho

Msamiati wa jahazi umekipa Kiswahili sehemu ya lugha ya usafiri, ya siasa, ya michezo na ya isimu yenyewe. Maneno yake yanayotaja majukumu yako salama, na hayahitaji msaada wa mtaalamu. Yanayotaja kamba na miti yamo katika kumbukumbu za mafundi na mabaharia wazee wa Kunduchi, Msasani, Kigamboni na kwingineko pwani, na muda wa kuyapata kwao ukiwa hai ni mfupi. Vyuo vikuu vya Dar es Salaam viko karibu na fukwe hizo. Mwanafunzi atafutaye mada ya tasnifu juu ya uundaji wa maneno anaweza kuanzia pale ambapo kitenzi hicho bado kinatumika kwa maana yake ya awali, kwa kumwomba fundi amwonyeshe mti unaolazwa kwanza, na kuandika jina lake, kazi yake na mti unaoufuata.